Kulinda Subaru WRX STI Nairobi: ufunguo kwanza, traka baadaye

Gari ni Subaru WRX STI, bodi ya VAB (msimbo wa kiwandani wa modeli hii), ya mwaka 2018. Injini ni EJ207 ya lita 2.0 yenye turbo, gia sita za mkono, breki za Brembo, rimu za inchi 19. Lilinunuliwa Japani, likashushwa Mombasa, likapandishwa Nairobi na kukaa yadi kwa muda kabla ya kupata mteja. Mwenyewe anaishi ghorofani Kileleshwa na analiegesha chini ya jengo. Siku za kazi anatumia gari jingine, STI linatoka wikendi. Lilikuja na ufunguo mmoja. Lina alamu iliyofungwa yadi na traka moja, kifaa cha kuonyesha gari lilipo, ile iliyotakiwa na kampuni ya bima. Anauliza aongeze traka gani.

Kisa hiki tumekiunganisha kutokana na mambo yanayojirudia kwa magari ya aina hii jijini. Hakimhusu mtu mmoja. Jibu letu ni kwamba traka ya pili ipo kwenye orodha, lakini iko chini. Kabla ya kununua chochote, ahesabu watu waliowahi kuushika ule ufunguo na watu wanaojua traka yake imefichwa wapi. Kila kinga ya gari hupungua nguvu kadiri wanaoijua wanavyoongezeka, na gari hili limeanza maisha yake Kenya likijulikana na watu wengi mno.

Tufuate safari ya ufunguo. Mnadani Japani gari linauzwa na ufunguo mmoja au miwili. Kuna dereva wa kulipandisha melini, wa kulishusha bandarini, wa ghala la makontena, wa kulileta Nairobi, vijana wa yadi, aliyefunga alamu, aliyefunga traka, na kila mteja aliyeomba kulijaribu. Wengi wao ni watu wa kazi zao na hawana nia mbaya. Lakini mashine ya kusajili ufunguo mpya siku hizi inabebeka mkononi, na aliyekaa ndani ya gari kwa muda mfupi akiwa na ufunguo halali anaweza kuongeza wa kwake. Ufunguo huo utafanya kazi mwaka kesho, saa nane za usiku, bila kioo kuvunjwa na bila alamu ya kiwandani kulia. Mwenye gari atasema wezi walitumia teknolojia ya ajabu, kumbe walifungua mlango kama yeye anavyofungua.

Hatua ya kwanza, basi, ni kufuta funguo zote kwenye kumbukumbu ya gari na kusajili upya mbili tu: ule uliopo na mmoja mpya. Kazi hii ifanywe na fundi wa funguo ambaye hahusiki na yadi wala na kampuni ya traka, mwenye gari akiwa ameketi kiti cha abiria mwanzo hadi mwisho. Mwambie fundi akuonyeshe kwenye skrini idadi ya funguo zilizosajiliwa kabla na baada. Ikiwa kabla zilikuwa zaidi ya moja na wewe ulipewa mmoja, umepata jibu la swali ambalo hukujua kuliuliza. Ufunguo wa pili usikae ndani ya gari wala kwenye ndoano ya sebuleni. Bima itaudai siku ya fidia, na ukikosekana madai yanakwama.

Ufunguo wenyewe ni wa kisasa, ule wa kukaa mfukoni huku ukibonyeza kitufe cha kuwasha. Gari hutoa mawimbi ya masafa ya chini sana, karibu kHz 125, yanayofika chini ya mita moja tu kutoka mlangoni. Ufunguo ukiyasikia hujibu kwa mawimbi ya juu, ambayo kwa magari ya soko la Japani huwa karibu MHz 315. Wizi wa kurefusha mawimbi hutumia watu wawili: mmoja karibu na gari, mwingine karibu na mlango wa nyumba au nyuma yako kwenye foleni ya dukani, kila mmoja na kifaa kinachopokezana ile sauti ndogo ya gari mpaka ifike kwenye ufunguo. Gari hudhani uko pembeni yake.

Kinga ya hili ni rahisi: kifuko chenye kitambaa cha chuma ndani. Wengi hawakijaribu. Weka ufunguo ndani, ufunge, simama mlangoni mwa gari na ushike mpini. Mlango ukifunguka, kifuko ni pambo. Rudia jaribio kila baada ya miezi michache, maana kitambaa hukatika pale pale kinapokunjwa na kifuko hubaki kizuri kwa nje. Njia ya pili haina gharama. Kitabu cha gari kina utaratibu wa kuzima kabisa kazi ya kufungua mlango bila kubonyeza rimoti. Kwa gari linalotoka wikendi, usumbufu wa kubonyeza kitufe ni mdogo, na tunaipendelea njia hii kuliko kifuko.

Alamu ya yadi ina tatizo lake. Nyingi za aina hiyo hutumia MHz 433, masafa yale yale ya rimoti za mageti. Mtu aliyekaa kwenye gari jingine pale kwenye maegesho ya duka kubwa akishikilia rimoti yake wakati unabonyeza kufunga, gari lako halisikii chochote. Unaondoka, milango iko wazi. Hapa dawa ni mkono: shika mpini na uvute kila mara, hata kama taa zimewaka. Ikiwa alamu imeungwa kwa vibanio vya kuuma waya, tungeiondoa kabisa. Vibanio hivyo huingiza unyevu, hushika kutu, na kwenye gari lenye mfumo nyeti wa umeme huleta hitilafu zisizoeleweka, leo taa ya injini, kesho stata haizunguki.

Sasa swichi ya siri ya kuzuia injini, sehemu ambayo magari ya turbo huumizwa na mafundi wenye nia njema.

Mazoea ya gereji nyingi ni kukata waya wa pampu ya mafuta na kuweka rilei, swichi inayoendeshwa kwa umeme, katikati. Kwenye gari la kawaida inaweza kupita miaka bila shida. Kwenye STI, pampu ikisukuma kwa nguvu zote inavuta zaidi ya ampia 10. Weka rilei ya bei ya chini au waya mwembamba, na baada ya muda kiunganishi huanza kuungua na upinzani kupanda. Upinzani wa omu 0.1 tu kwa ampia 12 unakula volti 1.2. Pampu iliyokuwa ikipata volti 13.8 sasa inapata 12.6, na rilei ikizidi kuchoka inashuka zaidi. Katika mwendo wa mjini husikii lolote. Ukikanyaga kwa gia ya nne huku turbo imejaa, mafuta hayatoshelezi hewa, mchanganyiko unakuwa mkavu, injini inagonga, na injini za familia ya EJ zinajulikana kwa kuvunjika kingo za pistoni zinazoshika ringi zikipata hali hiyo. Mwenye gari atalaumu mafuta ya kituo au programu ya injini, wakati chanzo ni rilei iliyofungwa kumlinda.

Kwa hiyo waya mkubwa wa pampu usiguswe. Kata upande wa amri: waya mdogo unaoiamsha rilei ya pampu ya kiwandani, ambao hubeba sehemu ndogo sana ya ampia moja. Matokeo kwa mwizi ni yale yale, injini haipati mafuta, na njia ya umeme ya pampu yenyewe inabaki kama ilivyotoka kiwandani. Ikiwa gari tayari lina rilei kwenye waya mkubwa, washa injini, weka ncha mbili za mita ya volti pande mbili za mguso wa rilei hiyo. Ukiona zaidi ya volti 0.2, iondolewe siku hiyo hiyo.

Kukata stata peke yake hakutoshi kwa gari hili. Ni la gia za mkono. Mwizi aliye na ufunguo uliosajiliwa anaweza kuliwasha kwa kulisukuma mteremkoni, na Nairobi haina uhaba wa miteremko. Ukipenda kata vyote viwili, kila kimoja kwa swichi yake.

Swichi yenyewe isiwe ile ya kupandisha na kushusha iliyofichwa chini ya dashibodi upande wa dereva. Mkono wa kila mwizi huanzia hapo. Afadhali kizuizi kiondoke kwa mchanganyiko wa vitufe vilivyopo tayari garini, mathalani kitufe cha kuondoa ukungu kioo cha nyuma kikibonyezwa huku breki imekanyagwa. Upo pia mfumo wa kisasa unaojiunga na mtandao wa mawasiliano wa gari na kudai namba ya siri inayoingizwa kwa vitufe vya usukani. Haukati waya wa injini, na mtu mwenye ufunguo halali bado hawezi kuondoka. Kwa bajeti inayoruhusu, huo ndio tungeuchagua kwanza. Vyovyote iwavyo, nyaya ziwe za rangi na unene sawa na za kiwandani, ziungwe kwa kuchomelea au kubana kwa koleo maalumu, na zizungushiwe utepe wa kitambaa kama ule uliopo. Utepe wa plastiki mweusi unaong'aa katikati ya mkanda wa nyaya wa Subaru unaonekana kwa tochi ya simu.

Na aliyefunga swichi hii asiwe yule aliyefunga traka.

Kuna jambo la usalama wa mtu ambalo haliwezi kuachwa. Swichi inayozima injini mita 50 baada ya gari kuporwa kwa nguvu inamrudisha jambazi mwenye silaha kwako. Ukichagua mfumo wa kuzuia uporaji, uwekwe kuruhusu gari lisonge mbali na uzuie tu kuwaka tena baada ya kuzimwa. Mifumo ya kuzima injini kutoka kwa simu nayo isitumike gari likiwa kwenye kasi: usukani wa STI hii ni wa haidroliki, injini ikizimika unakuwa mzito papo hapo, na breki hubakiwa na msaada wa kukanyaga mara chache tu. Mbele ya gari hilo kwenye Thika Road kuna watu wengine. Ukiporwa, toa ufunguo, ondoka. Hakuna gari la kufia.

Tundu la mashine ya kupimia hitilafu za gari, lililo chini ya usukani, ndipo ufunguo wa wizi husajiliwa. Lina pini 16. Pini ya 16 huleta umeme wa betri, ya 6 na ya 14 ni za mawasiliano. Kulihamishia mahali pengine kunasaidia, na baadhi ya watu huacha tundu la bandia pale pale lisilounganishwa na kitu. Mwizi huchomeka, mashine haioni gari, dakika zinakwenda. Mwambie fundi wako wa huduma mahali lilipo siku ya huduma tu, ukiwepo. Njia nyingine ya kuingilia mtandao wa gari ilijulikana zaidi baada ya Toyota RAV4 ya Ian Tabor, mtafiti wa usalama wa mifumo ya magari, kuibwa London mwaka 2022: wezi walipitia nyaya za taa ya mbele na kutuma ujumbe wa uongo kwamba ufunguo upo. Hiyo ilihusu Toyota, lakini funzo lake ni la wote. Bampa ikikutwa imelegea au kifuniko cha tairi kimevutwa bila sababu, usidhani ni watoto. Hamisha gari usiku huo.

Tufike kwenye traka aliyoiulizia. Ile ya bima ina kasoro tatu, na hakuna hata moja inayoponywa na traka ya pili ya aina ile ile. Imefungwa mahali pa kawaida, nyuma ya dashibodi karibu na sanduku la fyuzi, ambapo mtu anayefuata waya wa betri ataifikia haraka. Inategemea mtandao wa simu na setilaiti, hivyo kifaa kidogo cha kuziba mawimbi kinaifanya bubu. Na mahali gari linapolala, chini ya jengo, haina mawimbi hata bila mwizi: ramani inaonyesha nukta ya mwisho getini, na mwenyewe ameshazoea kuiona hivyo.

Traka ya pili iwe ya aina inayolala. Ina betri yake ya lithiamu, haijaungwa na waya wowote wa gari, huamka mara moja au mbili kwa siku, hutuma mahali ilipo na kulala tena. Kwa kuwa muda mwingi haitoi mawimbi, kifaa cha kutafutia mawimbi hakiioni, na kifaa cha kuziba kikizimwa saa chache baadaye itasema. Wezi wengi huliacha gari kwanza kwenye maegesho ya mbali siku moja au mbili kuona kama litafuatwa. Traka inayolala inafaa hasa kwa muda huo. Kwa gari linalokimbizwa mpakani moja kwa moja, haifai kitu. Namanga ni kilomita 160 hivi kutoka Nairobi, na ripoti ya kila saa 12 itakukuta umechelewa. Ndiyo maana zinahitajika zote mbili. Ifiche mwenyewe, kwa mikono yako, mahali pasipozungukwa na chuma pande zote: ndani ya sponji ya kiti, nyuma ya plastiki ya buti, ndani ya bampa ya nyuma ikiwa imefungwa isiingie maji. Asijue mtu wa pili zaidi ya mmoja unayemwamini nyumbani.

Umeme wa betri nao uangaliwe, kwa sababu gari linasimama siku nyingi. Gari lenyewe likilala hula miliampia 30 hivi, traka ya bima 40, alamu 20. Jumla 90, sawa na zaidi ya ampia-saa 2 kwa siku; wiki mbili, 30. Ongeza kamera ya dashibodi inayorekodi likiwa limeegeshwa, miliampia 250, na betri haivuki wiki. Betri ikifa, traka ya bima hutuma ujumbe kwamba umeme umekatika. Ukipokea ujumbe huo mara tatu kwa sababu ya betri, mara ya nne ukiwa ni mwizi aliyekata waya hutainuka kitandani. Tafuta chaja ndogo ya kudumisha betri ikiwa jengo lina soketi, au weka kifaa kinachoikata kamera betri ikishuka hadi volti 12.2. Ujumbe wa umeme kukatika ubaki na maana moja tu.

Maegeshoni, kinga zinazoonekana zina kazi yake. Kufuli ya usukani inayofunika usukani wote ni bora kuliko ile ya nondo, kwa sababu ya nondo hushindwa pale usukani wenyewe unapokatwa kwa msumeno. Kufuli ya gia iliyofungwa kwenye bodi kwa boliti zinazokatika vichwa ni nzuri kwa gia za mkono. Lakini zote, pamoja na swichi ya siri, hupitwa na lori la kuvuta magari. Mtu aliyevaa ovaroli akija mchana na karatasi mkononi kusema gari linapelekwa gereji, askari wengi wa lango watamfungulia, na si kosa lao ikiwa hakuna aliyewaambia vingine. Zungumza na usimamizi wa jengo, uandike kwenye kitabu cha langoni: gari hili halitoki juu ya lori hadi mwenyewe apigiwe simu na kupokea, kwa namba iliyoandikwa hapo. Wajulishe askari wa zamu zote, wa mchana na wa usiku, kwa heshima na kwa majina yao. Alamu yenye sensa ya kuinama, inayolia gari likiinuliwa upande mmoja, inakamilisha hilo.

Vipuri vyake pia vinatafutwa: rimu, kaliba za breki, taa, vioo vya pembeni. Nati za kufuli za rimu ziwe za uzi wa M12x1.25, moja kwa kila gurudumu, zikazwe kwa spana ya torki kufikia Nm 120. Bunduki ya hewa hupasua ufunguo wa nati hizo, na utajua siku ya pancha. Vioo na taa vichorwe namba ya gari.

Upande wa karatasi, soma mkataba wa bima kabla ya kufanya mabadiliko. Rimu, viti na vifaa vilivyoongezwa visipotajwa kwenye tathmini havifidiwi, na sehemu ya hasara utakayobeba mwenyewe kwa wizi huwa kubwa zaidi gari lisipokuwa na kifaa kilichokubaliwa. Hakikisha namba ya chesisi kwenye logibuku (hati ya umiliki) na kwenye mkataba ni sawa herufi kwa herufi. Gari la soko la Japani lina namba fupi inayoanza na VAB, haina tarakimu 17, na makarani huikosea. Picha za mitandaoni zifichwe namba, kwa kuwa ukiwa na namba ya gari unaweza kulipia rekodi zake za NTSA, mamlaka inayosajili magari, na kupata jina la mwenyewe.

Likiibwa, mpangilio ni huu: kampuni ya traka kwanza, kisha polisi kwa 999 au 112, kisha kituo kilicho karibu uandikishe na kupewa namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), kisha bima siku hiyo hiyo. Baadaye utahitaji abstrakti, hati ya polisi inayothibitisha ripoti yako. Weka kwenye simu, na kwa ndugu mmoja, picha ya logibuku, namba ya chesisi, namba ya injini na alama za pekee, mkwaruzo, stika, rimu. Traka inayolala ikisema mahali lilipo, wape polisi mahali hapo na ubaki nyumbani.

Na siku ya kuliuza kinga zote hizi huzimwa na mwenyewe kwa hiari. Mnunuzi anakuja, ana maneno mazuri, anaomba kulijaribu, anaachiwa usukani, na mikataba mingi ya bima haifidii gari ulilolikabidhi mwenyewe. Mwone kwanza kitambulisho na leseni, vipige picha, na umwendeshe wewe. Akitaka kuendesha, kiasi kikubwa cha bei kiwe kimeshaingia benki, si ujumbe wa simu unaosema kimeingia, na wewe uwe kiti cha abiria na ufunguo wa kisasa mfukoni mwako. Gari linawaka kwa kitufe. Halihitaji ufunguo uwe mkononi mwake.